Seva imezimwa? Nani kakudanganya!

Leo nina dukuduku, na limeanzia chumbani kwetu hosteli. Jamaa yangu mmoja anayesoma kompyuta alisema kwa kujiamini kabisa: "Seva ukishaizima imezimwa, nani ataichezea?" Tulibishana mpaka saa sita usiku, taa zikazimwa hatujamalizana. Basi namalizia hapa.

Kwa wasioijua habari hii: ndani ya seva nyingi kuna kompyuta nyingine ndogo, imegandishwa kwenye bodi mama. Wataalamu wanaiita BMC. Ina prosesa yake na kumbukumbu yake, na mara nyingi ina tundu lake la waya wa mtandao. Seva ukiizima, yenyewe haizimiki maadamu waya wa umeme umechomekwa. Na humo ndani kuna seva ndogo ya wavuti: unafungua ukurasa, unaweka neno la siri, unaona joto na feni, unawasha, unazima, hata mfumo mzima unaupakia upya ukiwa mkoa mwingine. HPE wanaiita iLO, Dell wanaiita iDRAC.

Sikatai, ni kitu kizuri. Fundi haamki usiku wa manane kufuata kitufe. Lakini mwenye ukurasa ule ndiye mwenye mashine. Antivirasi yako iko ghorofa ya juu, mwizi yuko kwenye msingi wa nyumba.

Sasa tuone kilichotokea. Mwaka 2017 iLO 4 ilikutwa na tundu la kuchekesha kama lisingekuwa la kutisha: unatuma herufi A 29 mahali fulani kwenye ombi lako, mlango unafunguka bila neno la siri. Herufi A, jamani! Mwaka 2021 kampuni ya Iran, Amnpardaz, ikaeleza kirusi kinachoishi humo humo ndani ya iLO. Ukijaribu kuweka toleo jipya, kinalizuia kimyakimya halafu kinakuonyesha kuwa limeingia. Mwaka 2025 ikawa zamu ya MegaRAC ya AMI, programu inayotumika kwenye seva za watengenezaji wengi. Tundu la kupita bila kuingia kwa neno la siri, likapewa uzito wa 10 kwa 10. Juni mwaka huo huo shirika la CISA la Marekani likaliweka kwenye orodha ya matundu ambayo wahalifu wameshaanza kuyatumia.

Jamaa yangu akajibu: "Itenge kwenye mtandao wake wa ndani, kazi imekwisha." Kutenga ni lazima, nakubali. Ila mwaka 2019 watafiti wa Eclypsium walikuta BMC zaidi ya 47,000 za Supermicro ziko wazi kwenye intaneti, katika nchi zaidi ya 90. Kama kutenga kungekuwa kwepesi hivyo, hao wote wasingekuwa nje.

Kinachoniudhi hasa ni hiki. BMC nyingi hutumia lighttpd, programu huria ya seva ya wavuti. Mwaka 2018 waandishi wake waliziba tundu moja bila kulitangaza kama tundu la usalama. Mwaka 2024 kampuni ya Binarly ikalikuta lile lile bado limo kwenye mashine za Intel na Lenovo. Miaka sita! Jibu la wenye mashine? Bidhaa hizo muda wake wa huduma umekwisha, kiraka hakuna.

Mie nasomea ualimu, si uhandisi, lakini hili nalielewa vizuri. Ni mwalimu aliyegundua kosa kwenye notsi, akasahihisha daftari lake, darasa akaliacha likariri makosa. Na mwalimu wa zamu naye hakujisumbua kuuliza. Halafu mtihani ukifika wanaambiwa: nyie mlishamaliza shule.

Mashine inafanya kazi, feni inazunguka, data za watu zimo, wewe unasema muda umekwisha? Umekwisha kwa nani? Matokeo yetu, ada zetu, majina yetu ya mikopo yanakaa kwenye seva mahali fulani. Hakuna aliyetuuliza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Anayenunua seva, mpya au ya mtumba, aulize kabla ya bei: viraka vya BMC vitatolewa mpaka mwaka gani? Na mtengenezaji akichoka kutunza programu yake, aiachie wazi wengine waitunze. Haiwezekani? Mradi wa OpenBMC upo, msimbo wake uko wazi, na makampuni makubwa wanautumia.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishasema. Jamaa yangu bado anabisha, ila jana nimemkuta anauliza maabara yao ina BMC ngapi. Hajajibiwa mpaka leo.

Haya, nawahi lekcha.