Wenye kampuni ndogo Bukavu: nani atawalipa wakizeeka?

Mfanyakazi wa kampuni ndogo ya ujenzi mjini Bukavu akikatwa mchango wa CNSS, angalau jina lake limeandikwa mahali. Mara nyingi anayekosa kuandikwa popote ni mwenye kampuni. Bei ya mfuko wa simenti anaijua asubuhi na jioni. Anajua ni NGO gani inatafuta mtu wa kujenga shule ama kuleta maji kijijini. Lakini ukimuuliza atakula nini siku magoti yatakapokataa kupanda Kadutu, anajibu moja kati ya mambo mawili: watoto, ama nyumba ya kupangisha.

Majibu hayo yametoka katika historia, na haifai kuyacheka. Nchi ina mfumo wa pensheni tangu 1961, ilipoundwa INSS. Waliolipa michango kwa uaminifu waliona feza zao zikiyeyuka. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3. Mwaka 1998 franga moja ya Congo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Kwa hesabu hiyo, franga moja ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za zamani. Watoto walioona baba zao wakirudi nyumbani na pensheni isiyoweza kununua hata mkate ndio wenye kampuni wa leo. Si ajabu wanaamini tofali kuliko karatasi.

Lakini hata tofali lina hatari zake. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilibomoa nyumba nyingi Bukavu kwa dakika chache. Udongo unaporomoka katika mitaa ya milimani kila masika, na moto unateketeza nyumba zilizobanana. Kuna pia kesi za viwanja, ambapo watu wawili wanashika hati mbili za ardhi moja. Nyumba ikiokoka yote hayo, bado inahitaji mpangaji mwenye kulipa. Na mzee akiugua, hawezi kuuza dirisha moja ili apate feza za hospitali. Anauza nyumba yote, tena kwa haraka, kwa bei ya mnunuzi.

Watoto nao ni baraka, lakini wengi wamemaliza chuo kikuu na hawajapata kazi. Kumwambia kijana ambaye bado anatafuta kodi yake ya nyumba kwamba yeye ndiye pensheni ya baba ni kumtwika mzigo kabla hajasimama.

Mwaka 2025 uliwafundisha wengi kwa ukali. Mwezi Januari, Marekani ilisimamisha misaada ya USAID, na mashirika mengi yaliyokuwa yakitoa kazi za ujenzi na usafirishaji yakafunga miradi. Mwezi Februari, Bukavu iliingia mikononi mwa AFC/M23, maghala na maduka yakaporwa, mabenki yakafunga milango. Wenye feza kwenye akaunti walijikuta wanavuka Ruzizi hadi Kamembe, ama wanapoteza sehemu ya feza zao kwa wanaotoa pesa za simu. Mwenye kampuni aliyekuwa na kila kitu katika kapu moja, iwe benki, duka ama kandarasi ya NGO, aliona kapu lote likipinduka.

Kutokana na hayo, wengine wanasema kupanga uzee katika mji kama huu ni kupoteza wakati. Ukweli ni kinyume chake. Mahali palipo salama mtu anaweza kuchelewa na bado akajirekebisha. Bukavu, asiyepanga mapema hapati nafasi ya pili.

Hatua ya kwanza haihitaji benki wala serikali: mwenye kampuni ajilipe mshahara. Tangu Congo iingie OHADA mwaka 2012, mtu mmoja peke yake anaweza kufungua SARL, na deni la kampuni linaishia kwenye mtaji aliouweka humo. Ni kinga kubwa. Lakini wengi wanaifuta wenyewe, kwa sababu mfuko wa kampuni na mfuko wa nyumbani ni mmoja. Karo ya shule inatoka katika malipo ya mteja, matanga yanalipwa kwa feza za simenti. Sheria hiyo ya OHADA inahesabu matumizi mabaya ya mali ya kampuni kuwa kosa la jinai. Na hata kama hakuna anayeshitaki, asiyejua analipwa shilingapi kwa mwezi hawezi kujua aweke akiba ya shilingapi. Mshahara uwe mdogo, lakini uwe na siku yake na karatasi yake.

Hatua ya pili ni CNSS, iliyorithi INSS chini ya sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Sheria hiyo iliweka miaka 60 kuwa umri wa kuingia retrete, kwa wanaume na wanawake. Mchango wote ni 18% ya mshahara: 13% inatoka kwa mwajiri, 5% kwa mfanyakazi. Kwa mshahara wa dola 300, jumla ni dola 54. Humo, 10% tu, yaani dola 30, ndiyo inaenda kwenye pensheni. Zinazobaki ni za posho za familia na ajali za kazini. Mwenye kampuni ya mtu mmoja anaona wazi kwamba mikono yote miwili inayolipa inatoka katika mfuko wake mmoja, na bado kuna kodi ya mshahara. Ni mzigo, na hakuna sababu ya kuuficha.

Lakini kuna jambo baya kuliko mzigo huo. Dosie nyingi za zabuni zinaomba cheti cha CNSS. Kwa hiyo kuna kampuni zinazolipa ili zipate cheti tu: zinatangaza watu wawili kati ya kumi, kwa mshahara mdogo kuliko ule wa kweli, zinashinda kazi, kisha zinasahau. Mwenye kampuni anadhani ameokoa feza. Pensheni inahesabiwa juu ya mshahara uliotangazwa na miezi iliyolipwa. Anayetangaza uongo leo anajiandikia njaa ya kesho, na anawaandikia waashi wake pia, bila kuwauliza.

Tatizo lingine ni kwamba mfumo ulijengwa kwa ajili ya mtu mwenye bosi. Aliye bosi na mfanyakazi kwa wakati mmoja anaingilia wapi? Kila msimamizi wa SARL anapaswa kwenda kuuliza ameandikwa kwa cheo gani, na adai jibu kwa maandishi pamoja na hesabu ya miezi yake. Karatasi hizo azitunze kwa nakala mbili, moja nje ya nyumba. Kila mkaaji wa Bukavu anajua kwa nini.

Hatua ya tatu ni kutoweka kila kitu mahali pamoja. Sehemu kwa CNSS, sehemu kwa kitu kinachoingiza feza kila mwezi, sehemu kwa MUSO ama AVEC yenye watu wanaojuana. Likelemba inasaidia kununua mashine ama kulipa mahari, lakini ikishazunguka imekwisha. Chombo cha uzee ni kile ambacho mtu hawezi kukigusa akiwa na miaka 40, hata akishikwa na hamu ya gari.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya vita. Kenya ilianzisha mpango ulioitwa Mbao, uliobuniwa kwa ajili ya mafundi wa jua kali: shilingi 20 kwa siku, kwa simu. Ulizaliwa kutokana na wazo kwamba asiye na mshahara wa mwezi naye atazeeka. Congo nayo ina mafundi wengi, na simu zimo mifukoni mwao. Kinachohitajika ni mlango ulio wazi kwa anayejiajiri, mchango unaofuata msimu wa kazi, na ahadi kwamba pensheni haitaachwa iliwe tena na kushuka kwa franga. Bila ahadi hiyo, kumwomba mwenye kampuni dola 54 ni kumwomba asahau yaliyompata baba yake.

Wakati ahadi hiyo inangojewa, miaka haingoji. Mwenye miaka 35 leo ana miaka 25 mbele yake kabla ya retrete, na mwenye miaka 50 ana kumi tu. Kila kazi inayokamilika bila kitu kuwekwa kando ni jengo ambalo mwenye kampuni amewajengea wengine, halafu yeye mwenyewe akabaki nje.