Nguzo ya Umeme Haipimi Damu

Kutoka Magomeni Mapipa hadi Usalama, kila nguzo ya umeme imegeuka daktari. Kikaratasi kinatangaza dawa ya nguvu za kiume, namba ya simu iko chini. Mjomba wangu alipiga.

Alikuwa amechoka mwaka mzima. Analala kabla ya taarifa ya habari, misuli imelegea, hasira za karibu, hamu ya tendo imemtoka. Akauziwa unga. Akaongeza vumbi la Kongo na supu ya pweza kila jioni. Hakuna aliyemtoa hata tone la damu.

Ugomvi wangu ni na hilo neno "nguvu". Limefunga furushi moja mambo matatu: hamu iliyokufa, mishipa isiyopitisha damu vizuri, na homoni ya testosteroni iliyoshuka. Sildenafili hufungua mishipa tu. Haipandishi homoni, na kwa anayetumia dawa za moyo za naitreti inaweza kuua. Sindano ya testosteroni nayo huzima utengenezaji wa mbegu. Anayetafuta mtoto anajifungia mlango mwenyewe.

Kipimo ni damu ya asubuhi, kabla ya saa nne, kisha hurudiwa siku nyingine. Mjomba alipokubali kwenda, homoni ilikutwa chini, na kisukari kilikuwa juu. Hakuna nguzo iliyomtajia kisukari.

Nasi tuliosoma? Tulimwita "mzee wa pweza", tukacheka. Ukimwona baba yako amenyong'onyea, acha utani. Mpeleke akapimwe, kabla hajanywa chai.