Kahawa Yetu, Chama Chetu

Mwenye gunia moja la kahawa hupokea bei anayotajiwa. Kwa sababu hiyo wazee wetu wa Kilimanjaro waliunda chama cha wakulima mwaka 1925. Mwaka 1933 kikafuatwa na KNCU, chama kikuu kinachounganisha vyama vya vijijini. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika. Vikarudishwa miaka ya 1980. Jengo la KNCU lipo mjini Moshi hata leo, lakini chama si jengo. Chama ni ninyi. Basi siku ya mkutano msibaki migombani. Angalieni mizani, ulizeni hesabu, someni stakabadhi zenu kabla ya kuzitia mfukoni. Asiyeuliza habari za mali yake, siku moja atakuta imeliwa.