Bawa la Mbu Nalo ni Spika
Simu ikilia juu ya meza ya mbao, mlio wake huwa mkubwa kuliko ikiwa mkononi, kwa sababu ubao nao hutetemeka na kusukuma hewa nyingi zaidi. Mafundi wa sauti wanaijua kanuni hiyo: koili na sumaku vikibandikwa mlangoni, mlango wenyewe unageuka spika. Bonde la Kilombero, Tanzania, lina spika yake ndogo: bawa la mbu, ambalo nalo husukuma hewa likitetemeka. Mbu jike wa Anofelesi, aenezaye malaria, hupiga mabawa mamia ya mara kwa sekunde, na mvumo hutofautiana kati ya spishi na spishi. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo Kikuu cha Oxford, katika mradi wa HumBug, waliunasa mvumo huo kwa simu za bei nafuu, nyingine zikiwekwa kwenye mfuko ulioshonwa juu ya chandarua. Aliyelala ndani ndiye anayewavuta mbu. Hazina ya sauti iliyotolewa mwaka 2021 ina rekodi za takriban saa 20, za spishi 36, kutoka Tanzania na kwingineko. Humo kompyuta hujifunza kumtambua mbu bila kumkamata. Halmashauri za bonde hili la mpunga zisiiachie maabara peke yake ujuzi huu.