Taifa Lenye Sehemu ya Pili Tu

Mwezi uliopita nilizunguka Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, duka hadi duka, nikitafuta diski moja ya filamu ya Kitanzania iliyotoka katikati ya miaka ya 2000. Mwanafunzi wangu anaandika tasnifu kuhusu namna filamu zetu zilivyoyaonesha maisha ya nyumba za kupanga, na sura yake ya tatu imekwama. Amepata Sehemu ya Pili. Sehemu ya Kwanza haipo. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka desturi ile. Diski ya VCD hubeba takriban dakika 80 tu, na wasambazaji waliugeuza upungufu huo kuwa faida: hadithi moja ikakatwa katikati, mnunuzi akalipa mara mbili. Mwenye duka, ambaye siku hizi anauza makava ya simu na chaja, alinitazama kwa huruma. "Mzee wangu, sidii tuliacha zamani. Lete flashi nikujazie muvi za wiki hii."

Hoja yangu leo ni nyepesi kuieleza, nzito kuikubali. Nchi hii imeitazama diski ya filamu kama bidhaa ya kutozwa kodi, kama kielelezo cha kesi na kama takataka ya kuteketezwa. Haijaitazama kama waraka wa kutunzwa. Matokeo yake, kumbukumbu ya filamu zetu imeachwa mikononi mwa watu binafsi wanaodharauliwa: mkusanyaji wa diski, mwenye kibanda cha kukodisha aliyegoma kutupa masanduku yake, mama mwenye rundo la Kanumba chini ya kabati la televisheni.

Wapo watakaonicheka. Watasema diski imekufa, kila kitu kiko mtandaoni, na mzee huyu analilia teknolojia ya ujana wake. Nawajibu kwa swali: kiko mtandaoni kwa idhini ya nani, na hadi lini? Anayelipia huduma ya filamu mtandaoni hanunui filamu, anapanga chumba. Mkataba kati ya mwenye filamu na mwenye mtambo ukiisha, filamu huondolewa usiku, na mpangaji hana la kudai. Zile zinazopandikwa bure na watu wasiojulikana mara nyingi zimekatwa, zimefifia, au zimefutiwa muziki kwa hofu ya hakimiliki. Mtafiti hawezi kujenga hoja juu ya kitu ambacho kesho hakitakuwepo. Diski iliyo rafuni haimuulizi mtu idhini.

Tuitazame Serikali sasa. Mwaka 2013 ulianzishwa utaratibu wa stempu za kodi kwa kazi za filamu na muziki. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: kumlinda msanii na kuongeza mapato. Lakini fikirini maana yake. Dola ilijipa jukumu la kuijua kila nakala halali inayoingia sokoni, ikaibandikia karatasi, ikahesabu, ikapokea chake. Nakala moja ya kuweka kabatini haikuwa sehemu ya hesabu. Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zilizouzwa kwa bei ya kutupa. Uchungu wao ulikuwa wa kweli, maana jasho lao lilikuwa likinyonywa. Hata hivyo, katika kelele zote za wizi na soko sikusikia swali la tatu: baada ya soko kupita, kinabaki nini?

Kariakoo ni mahali pa biashara, na biashara haitunzi kisichouzwa. Simlaumu muuza makava. Tena, soko kuu lenyewe tuliliona likiwaka moto Julai 2021. Taifa linaloweka kumbukumbu zake kwenye rafu za wachuuzi limeziweka karibu na moto, unyevunyevu na pango la mwezi.

Msidhani hasara hii ni ya filamu za mapenzi za mitaani tu. Tulikuwa na Kampuni ya Filamu Tanzania, shirika la umma, lililotoa Fimbo ya Mnyonge katika miaka ya 1970. Mwaka 1985 ikaja Arusi ya Mariamu. Mwaka 2001 ikatoka Maangamizi, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambamo Profesa Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliigiza, na ikawa filamu ya kwanza ya nchi hii kupelekwa kuwania tuzo ya Oscar. Nakala yangu ya Maangamizi haikutoka Kariakoo. Ilitoka Marekani, ndani ya begi la rafiki. Kila muhula nawauliza wanafunzi ni nani ameiona. Mikono haizidi miwili.

Mimi ni mmoja wa wale wanaosubiri kila mwezi orodha za kampuni za Ulaya na Marekani zinazotoa diski mpya za filamu za sanaa. Nazisoma kwa hamu, na kwa aibu. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty ilitengenezwa Senegal mwaka 1973. Ilikarabatiwa Bologna, Italia, mwaka 2008, kwa mradi ulioanzishwa na Martin Scorsese, na mwaka 2013 ikatolewa Marekani katika diski safi kabisa. Nashukuru waliofanya kazi hiyo. Lakini mnauona mzunguko wenyewe? Filamu ya Dakar inamfikia mtazamaji wa Dar es Salaam kama bidhaa ya kuagizwa, kwa bei ya dola. Na ilikarabatika kwa sababu moja ya msingi: kulikuwa na nakala iliyosalia. Siku mgeni atakapovutiwa na filamu zetu za mwaka 2005, tutamkabidhi nini? Sehemu ya Pili?

Hata za juzi hazijasalimika. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilioneshwa Toronto mwaka 2021. Riwaya ya Adam Shafi iliyoizaa ipo rafuni kwangu, na mwanafunzi anaweza kuiazima leo. Filamu yenyewe sina diski yake ya kumwazima.

Nitaulizwa kuhusu usafi wangu. Nakiri: sehemu ya mkusanyo wangu haina stempu wala risiti. Ninazo filamu za kigeni zilizotafsiriwa kwa sauti ya Lufufu, ambazo mbele ya Sheria ya Hakimiliki ya 1999 hazina utetezi, ingawa kwangu ni miongoni mwa sanaa za masimulizi ya Kiswahili zilizo hai kuliko nyingi tulizozipa vyeti. Sihalalishi wizi. Nasema tu kwamba mwizi na mpuuzaji wanamdhuru msanii kwa njia mbili tofauti: wa kwanza anamnyima pesa akiwa hai, wa pili anamnyima jina akishakufa. Steven Kanumba alizikwa Aprili 2012 mbele ya umati mkubwa. Ni wangapi kati yetu tunaoweza kuzipanga kazi zake zote mezani, tangu ya kwanza hadi ya mwisho?

Dawa haihitaji bajeti kubwa, na hapa nasema na ninyi watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu. Kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, filamu hukaguliwa kabla ya kuoneshwa hadharani. Maana yake, nakala tayari inafika mezani kwa Serikali. Kinachotakiwa ni kuizuia isiondoke. Mchapishaji wa kitabu ana wajibu wa kuweka nakala maktaba. Mtayarishaji wa filamu naye awekewe wajibu ulioandikwa wazi: nakala mbili, moja Dar es Salaam na nyingine Dodoma, pamoja na faili lake halisi la dijitali. Mtafiti aruhusiwe kuzitazama hapo hapo, bila kunakili, ili haki ya msanii isiguswe. Vyuo vikuu navyo vipokee mikusanyo ya watu binafsi na kuihamisha kabla joto na ukungu wa pwani havijazila.

Nanyi wanafunzi, wakati nyaraka hizo zikisubiri saini, nendeni nyumbani mkafungue kabati la televisheni. Andikeni orodha ya kilichomo: jina, mwaka, msambazaji, sehemu ya ngapi. Msitupe diski kwa sababu deki imeharibika. Yule mwanafunzi wangu bado ana wiki sita kabla ya kuwasilisha tasnifu yake, na Sehemu ya Kwanza anayoitafuta huenda iko chini ya rundo la magazeti nyumbani kwa shangazi wa mmoja wenu.