Jafar wa Katuni na Jaafar Mwenye Mbawa



Usiku mmoja wiki iliyopita nilirejea nyumbani baada ya swala ya Ishaa, nikaketi sebuleni kufungua kilemba. Mjukuu wangu wa miaka sita alikitazama kilemba, akazitazama ndevu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Babu, kwani wewe ni Jafar?"

Kwangu mimi Jaafar ni Jaafar bin Abi Talib (r.a.), binamu yake Mtume (s.a.w.). Nikadhani mtoto amesomeshwa sira chuoni, nikafurahi. Mama yake ndiye aliyenizindua. Jafar anayemjua mtoto ni waziri mwovu katika filamu ya katuni ya Aladdin, mwenye kilemba na ndevu. Mtoto hakuwa akinisifu. Alikuwa akiniogopa.

Sikumlaumu mtoto, nilijilaumu mwenyewe. Ni mara ngapi nimesikia sauti ya katuni ikitoka chumbani, nikashukuru kuwa watoto wametulia, wala nisiingie kutazama wanachokitazama?

Wanazuoni wana maneno yao marefu kuhusu hukumu ya picha, na leo si siku ya fatwa. Leo natamani tuizungumze ladha: kwa nini filamu hizi zinapendwa mno, na mapenzi hayo yanatupeleka wapi.

Katuni humfikia mtoto kabla hajajua kusoma. Ina rangi, ina nyimbo, ina wanyama wanaosema. Zaidi ya hayo, mwema na mwovu hujulikana kwa kutazamwa tu. Mtoto hahitaji kuelezwa ampende nani na amchukie nani, kwa kuwa mchoraji amekwisha kumwamulia. Hapo ndipo penye utamu wake, na hapo hapo ndipo penye hatari.

Itazameni Aladdin yenyewe. Kampuni ya Disney iliitoa mwaka 1992, na hakuna filamu ya mwaka huo iliyoingiza fedha nyingi kuliko hiyo: zaidi ya dola milioni 500 duniani kote. Wachuuzi wa sokoni na askari wake husema Kiingereza cha lafudhi nzito ya kigeni, ilhali Aladdin na Jasmine, ambao mtoto anatakiwa awapende, husema kama vijana wa Marekani. Wimbo wa kufungulia filamu ulisimulia kuwa katika nchi ile mtu huweza kukatwa sikio kwa sababu tu sura yake haikupendeza, na nchi yenyewe ikaitwa ya kishenzi.

Waarabu wa Marekani walilalamika kupitia jumuiya yao. Kanda za video zilipotoka mwaka 1993, maneno ya kukatwa sikio yalikuwa yamebadilishwa. Neno la ushenzi lilibaki, hadi filamu hiyo ilipotengenezwa upya kwa waigizaji wa kweli mwaka 2019, ndipo nalo likaondolewa. Imechukua miaka 27, lakini limeondoka.

Tunajifunza nini hapa? Watengenezaji wa filamu ni wafanyabiashara. Mfanyabiashara husikiliza soko, na soko ni mimi na wewe. Anayetazama bila kusema neno amekwisha kukubali. Hata hivyo, malalamiko huondoa neno baya tu. Hayaleti hadithi njema. Hadithi njema sharti itengenezwe, na ikitengenezwa sharti ipate watazamaji.

Mwaka 2007 huko Malaysia ilitolewa katuni fupi ya mwezi wa Ramadhani, iitwayo Upin & Ipin, ili watoto wafahamu maana ya kufunga. Wahusika wake ni mapacha mayatima wanaolelewa kijijini na bibi yao na dada yao mkubwa. Hamna jini wala kasri. Mna futari, tarawehe na bibi mwenye huruma. Watu waliipenda, ikaendelea mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2009 mapacha hao wakaingia katika filamu ya sinema. Jirani zetu wa Tanzania nao wana Ubongo Kids, iliyoanza mwaka 2014, ikifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili chetu hiki.

Ladha, ndugu zangu, hujengwa kwa mazoea. Mtoto aliyelelewa kwa samaki wa kupaka humtamani samaki huyo hata akiwa ugenini. Vivyo hivyo, hadithi tunazomtangulizia mtoto ndizo atakazozipimia nyingine zote.

Kina mama, nawaomba mketi nao wanapotazama, japo kwa nusu saa. Waulizeni: Huyu mbaya umemjuaje kuwa ni mbaya? Ni kwa vitendo vyake, au kwa mavazi yake? Swali hilo moja lina faida kuliko kuizima runinga kwa hasira, kwani mtoto aliyezimiwa kwake huenda akatazamia kwa jirani. Na kina baba wasijifiche barazani. Sote tu wachunga, na sote tutaulizwa.

Usiku ule nilimpakata mjukuu wangu, nikamsimulia Jaafar wangu mimi: aliyevuka bahari na wenzake kukimbilia Uhabeshi, akasimama mbele ya mfalme Najashi, akasema kweli bila kutetemeka, mpaka mfalme akawapa hifadhi. Nikamweleza kuwa alipokufa shahidi huko Muta, mikono yake yote miwili ikiwa imekatwa, Mwenyezi Mungu alimbadilishia mbawa mbili, aruke nazo Peponi apendako. Mtoto alinyamaza kimya. Kisha akakichukua kilemba changu mapajani, akawa anakikunja polepole.

Usiku wa pili nilimkuta mlangoni, hata viatu sijavua.

"Babu, nisimulie tena yule mwenye mbawa."

Wabillahi tawfiq.