Tahadhari kwa Kijana Anayetaka Kusaini Vita vya Watu

Ujumbe unaingia kwenye simu: kuna kazi Urusi, ulinzi wa ghala, udereva, upishi au usafi. Mshahara ni wa kukufanya uusome mara ya pili. Nauli wanalipa wao, viza wanashughulikia wao, wewe unatakiwa uwe na pasipoti na ufanye haraka kabla nafasi hazijajaa. Ukifika unawekewa karatasi za Kirusi utie saini. Siku chache baadaye umevaa kombati na unafundishwa kushika bunduki.

Ujumbe huo umeshawafikia wengi. Septemba 2025 polisi wa Kenya waliwaokoa vijana zaidi ya 20 kutoka nyumba moja ya Athi River walikokuwa wakisubiri kusafirishwa. Novemba mwaka huo serikali ya Kenya ilisema raia wake zaidi ya 200 huenda wamo vitani upande wa Urusi. Mwezi huohuo Ukraine ilitaja Waafrika 1,436 kutoka nchi 36 iliokwisha kuwatambua upande wa adui yake, na Afrika Kusini ikatangaza kwamba wanaume wake 17 wamekwama Donbas, mashariki mwa Ukraine, wanaomba kurudishwa kwao. Sisi Tanzania tulipigwa mapema. Januari 2023 tulipokea mwili wa kijana wetu aliyekwenda Moscow kusoma, akafungwa, akachukuliwa gerezani na Wagner, kundi la mamluki wa Urusi, kwa ahadi ya msamaha, akauawa Ukraine Oktoba 2022. Wala Urusi haiko peke yake katika kutafuta watu: Machi 2022 serikali ya Senegal ilimwita balozi wa Ukraine ajieleze, baada ya ubalozi wake kutangaza nafasi za wapiganaji wa kujitolea.

Kwamba vita vinaua, kila mtu anajua. Kijana asiye na kazi huipima hatari hiyo, akaona heri ajaribu bahati yake. Hatari ninayotaka kuisema mimi ni ya yule asiyekufa, anayerudi na mikono yote miwili na pesa kidogo mfukoni, na nyumbani wakachinja mbuzi.

Mimi ni askari mstaafu wa vita vya Kagera, kikosi cha mizinga. Tulikwenda vitani tukiwa na hoja zote upande wetu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakaua watu wetu, yakaswaga ng'ombe wao, na daraja la Kyaka likavunjwa. Amin akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni yake. Hakuna aliyetudanganya kuhusu tunakokwenda. Tulikuwa tumekula kiapo kwa taifa letu, tuliamriwa kwa Kiswahili, na makamanda tuliwajua kwa majina na kwa lakabu: Musuguri, Mayunga aliyeitwa Mti Mkavu, Walden aliyeitwa Black Mamba. Tuliporudi tulipokewa kwa ngoma. Wenzetu waliokufa wamelala Kaboya, wilayani Muleba, katika makaburi yanayojulikana na kutunzwa.

Pamoja na hayo yote, vita vile vilituharibu baadhi yetu. Na kilichotuharibu zaidi kilitoka mikononi mwetu wenyewe.

Januari 1979 jeshi letu liliingia Mutukula, upande wa Uganda. Mji ule mdogo wa mpakani ulisawazishwa kwa tingatinga, na raia waliuawa. Zilikuwa hasira za Kagera, za watu waliokuwa wamezika ndugu zao wiki chache nyuma, lakini waliouawa pale sio waliovuka mpaka kuja kwetu. Mwalimu Nyerere, Amiri Jeshi Mkuu wetu, alipopata habari alishtuka, akaagiza raia na mali zao wasiguswe. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Masaka na Mbarara, huko huko Uganda. Kombora lilianza, baruti ya kisasi ikamalizia, na miji ile miwili tuliiacha magofu.

Mpiga mzinga haoni anakopiga. Anachosikia ni namba: masafa, pembe, idadi ya makombora. Anazirudia kwa sauti ili kuhakikisha, anarekebisha, anafyatua. Masaka tulipita kwa miguu asubuhi, na kila mmoja wetu alikuwa akiona kwa macho jibu la hesabu aliyoifanya usiku. Mwenzangu mmoja wa mzinga uleule alirudi kwao, akapata kazi ya ukarani wa mizani kwenye ghala la kahawa. Msimu haukufika mwisho akaiacha. Gunia linapandishwa, mpimaji anaita uzito, karani anaitikia namba ileile na kuandika. Nyumbani walidhani ni uvivu. Kwa miaka mingi hakumwambia mtu kwamba kila akiitikia namba alikuwa anasubiri mlipuko, na baada ya mlipuko anaziona nyumba.

Mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya sisi kurudi, madaktari wa akili wa Marekani waliingiza rasmi kiwewe cha aina hii katika mwongozo wao wa magonjwa. Vijijini kwetu habari hizo hazikufika. Wake zetu waliambiwa ni majini, ni gongo, ni kulogwa na Waganda. Miaka ya tisini daktari Jonathan Shay, aliyekuwa akiwatibu Wamarekani waliopigana Vietnam, alieleza jeraha la namna nyingine linaloandamana na hofu: jeraha la dhamiri. Hofu humjia mtu kwa alichotendewa. Jeraha la dhamiri humjia kwa alichokitenda, alichoshindwa kukizuia, au kwa sababu mkubwa wake alisaliti lililo haki wakati maisha ya watu yako hatarini. Dawa ya usingizi hutuliza hofu kwa muda. Dhamiri inataka kujibiwa.

Na hapa ndipo penye tahadhari yangu. Sisi tulikuwa na wa kutujibu. Palipotendwa uovu alikuwapo Amiri Jeshi Mkuu wa kusema hapana, na ingawa hapana yake haikufuta lililokwisha tendeka, askari aliyekataa kumgusa raia alijua analo neno la kusimamia. Palipohitajika maelezo ya kwa nini tulikwenda, hata mtoto wa shule aliweza kuyatoa. Tulikuwa na wenzetu wa kukaa nao na kusemezana kwa lugha moja, mtu akasema, "Unaikumbuka Masaka?" na mwingine akajua anaulizwa nini. Kwa misaada hiyo wengi wetu tumeweza kubeba yale ya kwetu na kuishi na watu.

Anayekwenda kupigana kwa mkataba wa pesa atakosa vyote hivyo. Ukimuua mtu Donbas, utajiambia amekukosea nini? Hakuvuka mto kuja kwenu. Hakuiba ng'ombe wa baba yako. Huijui lugha yake wala jina la kijiji chake. Sababu pekee uliyonayo ni tarakimu iliyoandikwa kwenye mkataba, na usiku dhamiri ikikuuliza, tarakimu hiyo haitoshi kuwa jibu. Nimekaa na watu waliopigania nchi yao nikaona wanavyosumbuka. Sijui ni mzee gani, shehe gani au padri gani atakayeweza kukaa na kijana aliyeua kwa mshahara wa miezi minne akampa neno la kumlaza.

Tazameni pia suala la amri. Tangu kesi za Nuremberg za 1945 na 1946, dunia imekataa kwamba mtu ajiondoe hatiani kwa kusema tu, "Niliamriwa." Mkataba wa Roma ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambao Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama wake, unatamka kwamba amri ya kutenda mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu ni haramu waziwazi, na anayeitii anabeba dhambi yake mwenyewe. Sasa fikiria umesimama mbele ya kamanda anayepaza sauti kwa Kirusi. Unaelewa neno moja katika kumi. Anaonyesha nyumba kwa mkono. Kuna wanajeshi mle, au kuna familia? Amri usiyoielewa huwezi kuikataa, lakini kitendo kitabaki cha kwako.

Dada zetu nao wamo, tena kwa njia ya upole zaidi. Oktoba 2024 shirika la habari la AP lilichapisha uchunguzi kuhusu wasichana wa miaka 18 hadi 22 waliochukuliwa kutoka nchi za Afrika, zikiwamo Uganda, Rwanda na Kenya, kwa ahadi ya kazi na masomo. Walijikuta katika eneo la viwanda la Alabuga, Tatarstan, wakiunganisha droni za kivita, na baadhi yao wakilalamika kwamba kemikali zinawababua ngozi. Droni zinazotoka huko huangukia hata majumba ya raia. Msichana yule hatashika bunduki maisha yake yote. Lakini siku moja, akiwa mama, ataona katika taarifa ya habari ghorofa lililochanika na kitanda cha mtoto kinaning'inia, na atajua ni kifaa gani kilichofanya vile kwa sababu aliwahi kukishika. Huyu naye ni wa kuonywa mapema, maana yeye hata haambiwi kwamba anakwenda vitani.

Mawakala watasema kazi ni ya nyuma ya mstari wa mbele. Watakuonyesha picha za mtu mwenye simu mpya. Muulize wakala mambo machache tu. Mkataba uko wapi kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, niupeleke kwa mwanasheria kabla ya safari? Mwajiri ni nani, na ofisi yake iko mtaa gani? Kampuni yako imesajiliwa wapi? Tanzania mawakala wa ajira za nje wanapaswa kutambuliwa na serikali. Kenya husajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Uganda hupewa leseni na wizara inayoshughulikia kazi. Ukiona wakala anakasirika kwa maswali hayo, anakuharakisha, anakwambia usimwambie mtu, au anataka kukaa na pasipoti yako, achana naye na ukatoe taarifa polisi.

Wazazi, nanyi nisikilizeni. Najua ada inavyodaiwa na najua kodi ya nyumba inavyobisha hodi. Lakini mtoto aliyeondoka kwenda kupika akianza kutuma pesa nyingi kuliko mpishi yeyote mnayemjua, ulizeni. Akisema hawezi kupiga simu ya video, ulizeni tena. Mkiuliza mkajibiwa kwa mkato, nendeni Wizara ya Mambo ya Nje mkiwa na jina lake kamili, namba ya pasipoti, na nakala ya kila ujumbe aliowatumia. Fanyeni hivyo angali hai. Pesa hizo mkizila kimya kimya huku mkishuku zinatoka wapi, mmeingia katika deni la mtoto wenu, na atakaporudi hataweza kuwasimulia lolote kwa sababu mtakuwa mmeshiba kwa hilo hilo.

Baadhi wamekwisha kurudi na wengine watarudi. Kijana atajifungia chumbani, atakesha, atakunywa, atamrukia mkewe kwa kishindo cha tairi kupasuka. Huenda akacheka pasipochekesha, au akakataa kwenda msikitini au kanisani alikokuwa hakosi. Msimpambe kwa jina la shujaa, na msimwite mwuaji. Yote mawili yatamfunga mdomo. Mpelekeni hospitali mapema: Muhimbili au Mirembe, Mathari ya Nairobi, Butabika ya Kampala, au kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa wenu. Kisha mtafutieni mtu mzima wa kumsikiliza hadi mwisho, asiyemkatiza kwa kumwambia asahau. Kusahau hakuko. Kinachowezekana ni kusema kilichotendeka bila kukipunguza, kukubali sehemu yake katika hicho, na kutafuta namna ya kufidia kwa uhai uliobaki. Nimewaona askari wa umri wangu waliofanya hivyo wakaanza kulala. Waliokaa kimya tuliwazika mapema.

Wenzangu tuliovaa kombati ya nchi hii, kimya chetu nacho kinasaidia mawakala. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunasimama na medali vifuani, vijana wanatutazama na kudhani vita ni gwaride na malipo ya mwisho wa mwezi. Twendeni shuleni, vyuoni, vijiweni kwa bodaboda, tuwaambie habari za Kampala ilivyoanguka Aprili 1979, lakini na za Mutukula pia. Kijana akisikia vita vya haki vilitufanya nini, atajua vya kukodiwa vitamfanya nini.

Na wewe ambaye umeshatia saini lakini hujaondoka, bado una nafasi. Usiende uwanja wa ndege. Piga picha kila karatasi uliyopewa, hifadhi namba za simu na jumbe zote, mwambie mtu mmoja wa nyumbani ukweli wote leo, kisha nenda polisi ukifuatana naye. Kama wakala anakudai gharama za viza, deni la viza hulipika.